Karatasi ya Ukutani ya Bi Rehema

Siku ya tatu ya matanga ya Bi Rehema, mwanamke mmoja aliyeketi nami mkekani aliniuliza swali jepesi nikashindwa kulijibu. "Kwani wewe ni nani wake?" Alikuwa ametoka Taveta asubuhi ile na hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua anipe pole ya kiasi gani. Mimi ni Mtaita wa Rukanga, Mkristo, mvi zimejaa kichwani, na ijapokuwa nilikuwa nimejitanda leso kwa heshima ya nyumba ile, sura yangu haikufanana na ya yeyote mle ndani. Nikamwambia, "Niliishi naye mwaka mmoja, zamani." Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea kikombe cha kahawa, akamgeukia mwingine. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa dogo mno, na tangu siku ile nimekuwa nikitaka kulijibu swali lile sawasawa. Miaka mingine ya ujana wangu naikumbuka kwa vipande vipande. Ule mmoja wa Kaloleni naukumbuka sahani kwa sahani.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikingoja barua ya chuo cha ualimu, ile barua ambayo kila mtu alisema itakuja na hakuna aliyejua lini. Huku nikingoja nilipata kibarua cha kufundisha darasa la pili katika shule moja ya Voi. Nilikuwa mwalimu asiyesomea, UT kama tulivyoitwa, na mwalimu mkuu alinipeleka mtaa wa Kaloleni kwa Bi Rehema kwa sababu alijua ana chumba cha ziada. Bi Rehema alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha na mikono isiyotulia. Mumewe, Mzee Kombo, alikuwa amestaafu kazi ya reli. Si dereva wala si karani. Alikuwa mhudumu wa behewa la kulia katika gari la moshi la abiria, na kwa miaka mingi alibeba supu kutoka Mombasa hadi Nairobi na kurudi, gari likiyumba chini ya miguu yake. Alipenda kusema kwamba hakuna abiria aliyewahi kuteremka na tone la supu yake kwenye nguo. Alilisema hilo kwa fahari ileile ambayo wengine husemea watoto wao.

Chumba cha kulia cha nyumba ile kilikuwa katikati ya sebule na ua wa jikoni, na kilikuwa kidogo kiasi kwamba anayekaa upande wa dirisha ilibidi aingie wa kwanza na atoke wa mwisho. Kulikuwa na meza ya watu wanne, viti vinne, kabati la vyombo lenye vioo, na kuta zilizopakwa chokaa nyeupe zilizoumiza macho jua la saa sita linapoingia. Siku yangu ya kwanza Bi Rehema aliniandalia wali na pojo la nazi, na mboga ya mchunga aliyoipika kwa ajili yangu kwa kuwa alisikia Wataita hatuli bila mchunga. Tulikuwa wawili tu mezani. Kiti cha kichwa cha meza kilikuwa kitupu. Nikauliza Mzee yuko wapi, akaniambia, "Kula, mwanangu, chakula kitapoa." Baadaye nilipopeleka vyombo jikoni nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya mlango wa jikoni, ameugeuzia ua mgongo, anakula kwa kupapasa, uso karibu ugusane na sahani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, Mwalimu," bila kugeuka, na mkono wake ukaacha kutembea hadi nilipoondoka.

Wiki ya pili, Bi Rehema akipinda ukingo wa gauni nami nikisahihisha madaftari, alinieleza. Mzee alikuwa na presha ya macho. Kilichobaki kwake kilikuwa ni kama kuchungulia kwenye bomba: kilichokuwa mbele yake hasa alikiona, tena kama kina rangi kali, lakini pembeni hakuona kitu, na vitu vyeupe juu ya vyeupe vilimpotea kabisa. Daktari alikuwa amewaambia kwamba kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki huenda kisimalize mwaka. Lakini hilo silo lililomfukuza mezani. Ijumaa moja walikuwa na wageni watatu baada ya swala, na Mzee, kama desturi yake, akasimama kupakua mwenyewe. Mchuzi ukamwagika wote kwenye kanzu ya mgeni. "Yule mgeni mtu wa heshima," Bi Rehema alisema, "akamwambia, hakikumwagika kitu, Mzee, endelea. Na wote wakaitikia, hakikumwagika kitu. Na yeye anasikia matone yanadondoka sakafuni." Akakata uzi kwa meno. "Tangu siku ile hajakaa kwenye meza ile tena. Macho ni ya Mungu, mwanangu, hayo nimeyakubali. Mimi kinachoniua ni mtu aliyelisha treni nzima kula peke yake nyuma ya mlango."

Alikuwa amejaribu kumrudisha. Alimbembeleza, alimkasirikia, alimgomea kupika siku moja nzima. Mzee alimjibu kwamba akiingia chumba kile ni sawa na kutiwa ndani ya bakuli la maziwa: haoni ukuta unapoanzia, haoni kona, hajui mlango uko wapi, na mtu asiyejua alipo hawezi kukaa na watu. Bi Rehema hakumwambia yeyote, hata jirani. Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema, na sasa kata zilikuwa mbili, yeye na mimi. Kisha akaniambia jambo ambalo lilinikaa kifuani mwaka mzima. "Nataka arudi mezani angali anaona japo kidogo. Giza likimkuta nyuma ya mlango, atabaki huko huko mpaka afe."

Ndipo ikaja ile karatasi. Bi Rehema alikuwa na rafiki yake wa Taveta, mwanamke mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka na kurudi na vitenge, na vingine alimletea avishone. Safari moja alileta, katikati ya vitenge, marobota sita ya karatasi za kubandika ukutani ambazo alizunguka nazo masoko mawili na kila mtu akazikataa. Nilielewa kwa nini Bi Rehema alipokunjua la kwanza juu ya meza. Rangi yake ya chini ilikuwa kijani kibichi iliyokolea karibu nyeusi. Juu yake kulikuwa na maua mekundu makubwa kama sinia, na kati ya maua ndege wa buluu wenye vifua vya manjano, kila mmoja na ukubwa wa jogoo aliyekomaa, mkia ukimning'inia. Mimi nilirudi nyuma hatua moja. Bi Rehema akaenda kumwita mumewe, akamsimamisha mlangoni, akamwuliza anaona nini mezani. Mzee akainamisha kichwa upande huu na upande ule. "Kitu chekundu," akasema. "Na kingine chekundu. Mama Saidi, umetandika nini?" Saidi ni mtoto wao, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Bi Rehema alikunja karatasi yake taratibu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Siku hizi wajukuu wangu hunionyesha kwenye simu picha za vyumba vya watu, kuta zimejaa maua na majani, na kuna wataalamu wanaobishana kama chumba kidogo cha kulia kinafaa kuvishwa michoro mikubwa au kitazidi kuonekana kidogo. Mimi huwaambia waniulize mimi. Lakini wakati ule sikujua lolote, ila nilijua kubandika, au niliamini najua. Kwetu Rukanga, chini ya mlima Kasigau, nyumba ya udongo ilivishwa magazeti kwa ndani, na kazi ile ilikuwa yetu wasichana kila baada ya mavuno. Nilijua kupika uji wa kubandikia, mzito, wa unga wa muhogo, uliochemshwa na maji ya majani ya mwarobaini ili mchwa na mende wauone mchungu. Nilijua kuanzia chini kupanda juu, kila gazeti likilalia la chini yake. Kwa hiyo niliposikia Bi Rehema anawaza kutafuta fundi, nikajipiga kifua. "Mama, fundi wa nini? Hiyo ni kazi yangu tangu nikiwa mdogo." Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Haya, Mwalimu. Ila debe tupu haliachi kuvuma, tutaona."

Tulichagua Jumamosi ya likizo ya Aprili. Yeye alimpeleka Mzee kliniki asubuhi, na mimi nilitakiwa nipike uji, nisugue kuta, nimngoje. Sikungoja. Nilitaka arudi akute ukuta mzima umekwisha, ashike mdomo kwa mshangao. Nikaanza na ukuta ulioelekeana na kiti cha Mzee, kwa kuwa ndio uliokuwa na maana kuliko zote. Na hapo nilifanya kosa ambalo sidhani mtu mwingine angelifanya isipokuwa mtu aliyelelewa katika nyumba ya magazeti: nilichukua mkasi mkubwa wa Bi Rehema, nikakunjua robota, nikalikata lote vipande vya ukubwa wa ukurasa wa gazeti. Sikufikiri mara mbili. Kwangu karatasi ya ukutani ilikuwa kitu cha ukubwa ule, kinachoweza kushikwa na mikono miwili bila kuchanika. Nikavilaza vipande kifudifudi, nikavipaka uji, nikavipanda ukutani kutoka chini kwenda juu, kingo zikilaliana vizuri, bila kiputo hata kimoja. Uso wangu ulikuwa karibu na ukuta kiasi kwamba nilichokiona kilikuwa rangi tu, nyekundu, kijani, buluu, na nilikuwa nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti.

Nilipomaliza ndipo nikarudi nyuma hadi mlangoni kuutazama. Hakukuwa na ndege mmoja mzima kwenye ukuta ule. Kulikuwa na mkia uliotokea kwenye ua, kulikuwa na vichwa viwili vikitazamana bila miili, kulikuwa na mguu juu karibu na dari, na katikati kabisa, mbele ya kiti cha Mzee Kombo, alisimama ndege mkubwa mwenye kifua cha manjano kilichojaa na shingo iliyoishia kwenye jani. Nilijaribu kukibandua kipande kimoja. Uji wa Rukanga haubanduki. Nilipowasikia wanaingia uani nilikuwa nimekaa sakafuni nalia. Mzee alikwenda moja kwa moja chumbani kupumzika, na Bi Rehema akaja, akasimama mlangoni, akatazama. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Wakio. Huyu kichwa chake kiko wapi?" Nikaonyesha kwa kidole. "Kiko kule, Mama. Kwenye kona." Akakitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, akaziba mdomo kwa leso, akaketi sakafuni kando yangu, na tukacheka hadi tukashikana tusianguke. Alipopata pumzi akasema, "Mzee hatajua." Mara kicheko kikamtoka usoni, na nami kikanitoka, kwa sababu tuliyasikia maneno yale na maana yake.

Kuta tatu zilizobaki alizisimamia mwenyewe. Alinikemea kwamba kitambaa cha maua hakikatwi ovyo, unaoanisha ua na ua kwenye mshono, na karatasi ni kitambaa tu kilichokosa uzi. Alifunga mkasi mwishoni mwa uzi, akauning'iniza kutoka dari, na mstari wa uzi ule ndio tuliofuata. Nilipanda kiti nikashika juu, yeye akashika chini, na mikunjo tuliitoa kwa kile kifimbo cha kusukumia chapati. Magharibi ilipokaribia, chumba chote kilikuwa kimevaa. Kilikuwa chumba kilekile, mtu wa dirishani bado akitoka wa mwisho, lakini sikuuona tena udogo wake. Kilipokuwa cheupe kilikuwa kidogo kwa namna ya kunyima, na sasa kilikuwa kidogo kwa namna ya kumbatio. Bi Rehema alitandika mezani kipande cha kitenge cheusi ili sahani nyeupe zionekane, akanawa mikono, akaenda kumwita mumewe.

Mzee Kombo alisimama mlangoni na fimbo yake. Aligeuza kichwa polepole, akianzia kushoto, akielekea kulia. "Ukuta huu hapa," akasema. Akageuka. "Na huu hapa. Na hapa ni dirisha, kwa kuwa maua yamekatika." Akaingia bila kupapasa, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti chake. Mimi nilidhani kazi imekwisha. Bi Rehema akaleta chai, Mzee akanywa. Akaleta mkate wa sinia, akasema ameshiba. Na chakula cha jioni kilipoiva aliinuka, akaenda kwenye kigoda chake nyuma ya mlango. Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu. Alikaa chumbani mle mchana kutwa, alisikiliza redio, alikunywa chai nasi, akisikia sauti ya sahani anaondoka. Asubuhi nilimwona Bi Rehema akizipanga sahani tatu mezani, kisha akiirudisha moja kabatini.

Mtaani ilikwishajulikana. Wateja wa ushonaji walichungulia, wakaenda kusimulia, na kwa siku chache Bi Rehema akawa mazungumzo ya bombani. Walisema uzee umemrudisha usichana. Walisema mume mgonjwa, mke anapamba nyumba. Angeweza kuwanyamazisha wote kwa sentensi moja, na sentensi hiyo alikataa kuisema. Niliwahi kumwuliza kwa nini. "Wacha wanicheke mimi," akanijibu. "Mimi nimezoea kuchekwa. Yeye hajazoea kuhurumiwa." Nilikuwa mdogo, nikadhani hayo ni maneno tu ya watu wazima. Leo naona ndiyo ndoa nzima niliyofunzwa, na sikufunzwa na kitabu chochote.

Ilikuwa Jumapili mchana, nimetoka kanisani, tumekaa watatu na chai, akaingia Mama Mwadime, jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwema mwenye mdomo mwepesi. Alikuwa amekuja kuchukua blauzi. Akasimama katikati ya mlango akapiga makofi. "Woi, Bi Rehema! Sasa hii ni nyumba ama ni leso? Mimi nikilala hapa si nitaota niko ndani ya shamba ya mtu!" Akacheka. "Na hizi maua zote, room yenyewe ni kama kiberiti! Si ungengoja Mzee apone kwanza?" Bi Rehema alitabasamu akainamisha macho kwenye blauzi aliyokuwa akiikunja. Nilifungua mdomo, lakini Mzee Kombo alinitangulia.

"Mama Mwadime," akasema, "karibu kiti. Sitapona. Ni macho, yanazimika. Mke wangu amenitilia maua haya ili nijue ukuta uko wapi." Mama Mwadime alibaki na mkono hewani. "Pole, Mzee. Haki mimi sikujua." "Hukujua kwa kuwa tulikuficha. Sasa umejua." Akanyoosha fimbo yake, moja kwa moja mbele yake. "Ila nakushangaa. Wewe una macho mawili mazima, umeyacheka maua, na hujamwona yule ndege aliyechinjwa. Mimi kipofu, nimemwona wiki ya pili hii. Kila siku nangoja wenye nyumba waniambie kichwa wamekipeleka wapi."

Nadhani nilisema, "Ni mimi, Mzee, nilimkata," na Mama Mwadime akaangalia, akamwona, akapiga yowe la kicheko, na Mzee naye akacheka hadi akavua kofia yake. Bi Rehema hakuwepo tena chumbani. Nilimkuta jikoni, amesimama mbele ya sufuria ya maharagwe, mwiko mkononi, machozi yanamtiririka wala hayapangusi. "Amemwona," aliniambia. "Wakio, amemwona. Amemwona." Hakuna aliyekuwa amemwambia, tuliahidiana hilo na tukalishika. Nikamkumbatia, mwiko na vyote. Na huko chumbani tukamsikia Mzee akimwambia jirani, kwa sauti yake ya zamani, ile ambayo nadhani abiria waliijua: "Usiondoke, mama. Leo unakula hapa. Mama Saidi! Sahani nne!"

Mzee alikula nasi siku ile, na kila siku iliyofuata. Kosa langu, lile nililolilia sakafuni, ndilo alilolipenda kuliko kuta zote zilizooanishwa kwa uzi, na kila mgeni aliyekuja, Mzee alimwuliza kwanza kama amemwona aliyechinjwa. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi tangu hapo, na nikiona mtoto amekaa kimya nyuma ya darasa huwa sidhani haraka kwamba ni mjinga. Humsogeza mbele, huandika herufi kubwa, humwuliza anaona nini. Chuo kilinipa cheti. Hilo nililipata katika chumba cha futi chache Kaloleni, na nimewashukuru wawili wale katika sala zangu kwa majina, kila mwaka, bila kujali dini zetu zinasemaje juu ya nani amwombee nani.

Daktari hakukosea. Kuanzia mvua za vuli, ndege walianza kumwondoka, na Mzee alituarifu kwa mtindo wake. Asubuhi moja alikaa, akatazama upande wa kabati, akasema, "Yule wa kabatini ameteremka stesheni ya Maungu." Wiki kadhaa baadaye, wawili wa dirishani wakateremka Buchuma. Mwingine Mackinnon Road. Mwingine Samburu. Mara ya kwanza sikujua nicheke au nilie. Bi Rehema alimjibu palepale, "Na mizigo yao wamechukua?" naye akasema, "Wameacha mikia tu." Basi nikajua namna ya kuliishi jambo lile. Asiye na kichwa alikuwa wa mwisho. Mwezi wa Desemba alituambia kwamba ameingia Mombasa salama, behewa sasa ni tupu, na akaomba aongezewe mchuzi. Bi Rehema alimwongezea. Hakuhama kwenye kiti kile.

Barua yangu ya chuo ilikuja Januari. Asubuhi ya kuondoka nilivaa sketi yangu mpya ya kijivu, aliyonishonea Bi Rehema kwa ajili ya chuo, nikaingia chumba cha kulia kunywa chai, nikamkuta Mzee Kombo amesimama, kanzu imepigwa pasi, kitambaa cheupe kimekunjwa juu ya mkono wa kushoto. Bi Rehema alikuwa ameketi upande wa dirisha, mikono mapajani, kama aliyeagizwa asiguse kitu. Mzee akanivutia kiti cha kichwa cha meza. "Leo wewe ndiye abiria," akasema. Nikakaa. Akaleta mahamri, akayaweka mbele yangu pasipo kukosea. Akaleta mbaazi. Kisha akaleta birika, akatafuta ukingo wa kikombe kwa kidole, akainamisha. Chai ikaingia kikombeni, ikajaa, ikapita, ikatiririka mezani, ikanimwagikia mapajani, ya moto, kwenye sketi mpya. Niliuma meno nisipige kelele. Akausikia ule ukimya. Akasimamisha birika.

"Imemwagika?" akauliza.

Nikamwangalia Bi Rehema. Hakunisaidia, alinitazama tu. Nilijua vizuri neno la heshima ambalo wageni walilisema Ijumaa ile, na nilijua lilimfikisha wapi.

"Imemwagika, Mzee," nikasema. "Sketi yote."

Uso wake ukafunguka. Akacheka, akanipa kile kitambaa cha mkononi mwake, akavuta kiti, akakaa kando yangu, akapapasa hadi akapata hamri. "Basi futa, mwanangu," akasema, "tule."